Kichwa Upande Gani

Mimi dini nazijua kwa sururu.
Udongo wa Mpwapwa kiangazi hutoa cheche,
na hauulizi jina la maiti.

Asubuhi ile walisimama wawili juu ya shimo ambalo halijaanza,
wajukuu wa Bibi Mbeleje:
Zefania mwinjilisti, tai imemkaba,
Rajabu wa madrasa, kanzu ishashika vumbi.
Bibi alikuwa na jina la ubatizo, na la kusilimu pia,
na mvua ikichelewa alimwita Mulungu, basi.
Kafa Jumamosi,
katikati ya Ijumaa ya huyu na Jumapili ya yule.

"Sanduku," akasema Zefania.
"Sanda," akasema Rajabu, "na mwanandani."
Wakaanza kurudi nyuma: Msalaba, Hijra,
nani alitangulia kufika hapa, watu wa pwani au wamisionari.
Mimi najua njia ilikuwa moja.
Pagazi yule yule, safari hii shanga, safari ijayo Biblia,
na homa haikumbagua mtu.
Marehemu baba alinionyesha mawe yao kule mlimani,
hayana maandishi.

"Mwana wa Mariamu alisulubiwa, akazikwa, akafufuka."
"Isa hakuuawa. Mola wake alimnyanyua."
Nikaegemea mpini.
Kwa hesabu ya mchimbaji, hapo mmepatana:
hayumo kaburini.
Mtume, yeye, alizikwa Madina, chumbani mwa mkewe;
hapo alihitajika mtu wa kazi yangu.

Jua likapanda. Nikawaambia:
Hapa kwetu kibla ni kaskazini.
Mwislamu namlaza ubavu wa kulia, kichwa mashariki.
Mkristo chali, kichwa magharibi,
siku akiamka alitazame jua.
Mstari wa shimo ni ule ule.
Niacheni nichimbe. Kichwa mtakigombania baadaye.

Rajabu akavua kanzu, akaitundika kwenye mwiba.
Zefania akalegeza tai, akaomba koleo.
Tulifika kiunoni, hawajaamua.
Tulifika kifuani, wanabishana nani anarusha mchanga vibaya.
Kutoka nyumbani tulisikia wanawake,
tenzi inaingia ndani ya dua,
mmoja akilia Kigogo tu.

Msiniulize alilazwa vipi.
Nilifukia mimi, na jioni upepo ukasawazisha.
Ila ujira wangu, nusu yake,
kila mmoja mpaka leo ananiambia:
hiyo kadai kwa mwenzangu.