Pindo la Wiki Sita

Rispa wa choo cha soko ndiye aliyejua kwanza.
Si mke wangu. Si mimi.
Alihesabu sarafu ndani ya mkebe wa kakao, akasema:
"Fundi, leo umenilipa mara kumi na moja,
na jua bado liko juu ya Kibuye.
Unaingia mbio, unatoka na matone."

Nikamwambia ni joto, nimekunywa maji mengi.
Uongo ule ulinikaa kama shati la mtu mwingine.

Miaka thelathini na moja nimepima viuno vya wanaume,
wa benki, wa gereji, wa kwenda kuzika,
utepe shingoni, chaki sikioni,
nikiuliza kwa adabu: suruali ikae juu au chini?
Wala sikujua kwamba humo, chini ya kibofu,
kuna kitu kidogo kama kokwa
ambacho kikiwaka
hata kiti chenye mto hugeuka figa.

Nikajaribu kushona wima.
Cherehani ya miguu haitaki mtu wima.
Sare za kwaya zikachelewa.
Usiku nikatetemeka, Kisumu hii, mwezi wa pili,
wenzangu wamelala sakafuni wakitafuta ubaridi,
mimi chini ya blanketi mbili na koti la mteja.

Duka la dawa, Kondele. Kijana hakuniuliza hata jina.
Vidonge vinne, vya rangi mbili, ndani ya kipande cha gazeti.
Siku ya tatu nikapona.
Siku ya kumi na mbili nikarudi kwa Rispa na sarafu zangu.
Vinne vingine.
Kiraka juu ya kiraka, na chini yake nguo inaoza.

Daktari Khavere ni mdogo kuliko kifungua mimba wangu.
Alivaa glavu, akaniambia nigeukie ukuta.
Ukutani, kalenda ya mbolea,
na ng'ombe aliyenitazama bila kunihukumu.
Muda mfupi tu. Nimewahi kumsimamisha mteja zaidi ya pale
nikitafuta urefu wa mguu wa ndani.
Sikufa. Uanaume haukudondoka sakafuni.

Mkojo wangu wakauotesha maabara kama mbegu kitaluni
hadi mdudu akajitaja:
mkaaji wa matumbo, kahamia nyumba isiyo yake.
"Wiki sita," daktari akasema.
"Na nikipona siku ya nne?"
"Wiki sita."
Tezi dume, akaeleza, haipenyeki upesi.
Dawa nyingi huishia mlangoni,
na hii ifaayo huingia kidogo kidogo.

Hapo nikamwelewa kuliko alivyodhani.
Nimeshona turubai mimi.
Sindano ya hariri huvunjika. Unachukua ile nene,
unakwenda taratibu, tundu kwa tundu,
na ukikata uzi kabla hujalifunga pindo
kazi yote hufumuka, kuanzia pale ulipojisifu.

Vidonge nilivificha kwenye kopo la vifungo.
Mama Akeyo akavikuta akitafuta kifungo cheusi.
"Hizi ni za mwanamke gani?"
Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikitazama mlango.
Akanyamaza kitambo, kisha akaondoa maziwa mezani,
maana karatasi ya dawa ilikataza, naye alikuwa ameisoma yote.
Tangu siku hiyo chaki yangu iko mikononi mwake:
kila asubuhi mstari mmoja nyuma ya mlango.

Leo ni wa ishirini na tisa.
Siumwi popote, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.
Rispa kanipigia kelele toka ng'ambo ya vibanda vya nyanya:
"Fundi! Umehamia choo cha nani?"

Mchana akaja Bwana Ogalo, kitambaa cha kijivu kwapani.
Nikampima kiuno. Akabadilisha mguu.
Nikampima paja. Akabadilisha tena,
akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya uzi,
choo kiko upande gani.

Nikaushusha utepe.
"Karibu uketi, Bwana Ogalo," nikamwambia.
"Au usiketi, kama kiti kinakuuma."