Usikate

Niulize namba ya stesheni ya Molo mwaka wa sitini na tisa,
nitakupa kabla hujafumba mdomo: nne-saba.
Niulize duka la mbegu la Elburgon, kinu cha Njoro,
niulize yule daktari wa mifugo wa Subukia
aliyepokea simu kwa kukohoa kwanza.
Lakini usiniulize kama nimemeza dawa asubuhi.
Kisanduku kina vyumba saba,
chumba cha Jumanne ki wazi,
na sijui ni Jumanne hii au ile iliyopita.

"Mama, hilo ulinieleza jana," asema Kavere.
Basi jana nilikuwepo. Asante kwa habari.

Miaka hamsini ya katikati imeshikana kama ugali uliolala.
Nikikata, linatoka bonge:
nilipika, nilifua, nililipa karo, mtu alikufa, mvua ilichelewa.
Asava nililala naye miaka thelathini na minane
na sauti yake imenitoka,
imebaki namna alivyovua viatu.

Ila ile miwili mitatu ya ujana,
ghorofa ya juu, posta ya Nakuru,
hiyo ni wali, inachambuka punje kwa punje.
Ubao na matundu yake. Waya zenye vichwa vya shaba.
Vitaa vikiwaka kama macho ya mbuzi gizani.
Kiti changu kilikuwa cha tatu kutoka dirishani,
na upepo ukishuka Menengai
tulionja vumbi na harufu ya pareto katika kila "haloo".

Na usiku ule wa Juni.
Saa nane kasoro, mtu wa Solai anataka Kitale.
Nikamuunganisha. Ikalia, ikalia. Hakuna aliyeinua.
"Usikate," akasema. "Wamelala tu. Wataamka."
Nikamwambia dakika tatu zimekwisha.
"Dada, mtoto wao amefia mikononi mwangu. Usikate."
Sikukata.
Nilikaa nimeshika waya kwa vidole viwili,
koti langu la kijani mabegani,
mpaka jogoo wa kwanza wa Bondeni.

Hiyo nimeisimulia matangani, kliniki, kwenye foleni ya pensheni.
Wajukuu wanaijua; nikikosea neno wananisahihisha.

Agosti akaja Selifa Kadenyi kutoka Mbale
na mkungu wa ndizi na goti bovu.
Alikuwa kiti cha nne.
Nikamsimulia, kwani nani mwingine amebaki
anayejua tundu la Kitale lilikuwa wapi?
Alitafuna ndizi yake hadi mwisho. Akakunja ganda.
"Rasoa," akasema, "koti la kijani lilikuwa langu.
Wewe Juni ile ulikuwa kwenu Kaimosi, umejifungua."

Jikoni, Kavere akaacha kusugua sufuria.

Nilihesabu kwa vidole chini ya leso.
Kavere ni wa Juni.

Nikacheka. Selifa akacheka pia, si sana.
Tulizungumzia goti lake, bei ya mahindi,
nani kauza shamba, nani kafungiwa mashine ya moyo.
Alipoondoka nilimfunga ndizi zake mwenyewe nikampa,
nikidhani nimezinunua mimi.

Tangu siku hiyo nautafuta usiku ule mwingine.
Lazima ulikuwa na taa. Lazima palikuwa na mkunga,
maji ya moto, mama yangu akinishika kiuno,
na kilio chembamba, cha kwanza, cha huyu
ambaye sasa ana mvi na miwani na ananikatia kucha.
Nachomeka tundu hili. Nachomeka lile.
Badala yake narudi ghorofani,
na koti, Mungu anisamehe, bado linanienea.
Mabega yangu yanajua uzito wake.

Kavere anakuja na bilauri na vidonge viwili.
"Mama, unawaza nini?"
Namwinulia kidole: ngoja.
Inalia huko. Inalia.
Wamelala tu.