Nusu Milimita

Februari, Brno. Theluji imegeuka tope la kijivu.
Nimeipandisha besi ngazi arobaini na moja
hadi karakana ya Zbyněk Hrdlička,
nikipumzika kila kona kama mtu abebaye jeneza peke yake,
maana lifti ya jengo hilo, tangu enzi za baba yake,
ni pambo tu.

Hakunijulia hali. Alimjulia mgonjwa.
Akaligonga tumbo kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio:
"Mmemkausha."
Kweli. Ukumbi wetu hupashwa moto na mabomba
yasiyojua kwamba mti uliokufa bado hunywa hewa.
Kila kipupwe kifua chake hunywea,
daraja hushuka nacho,
na uzi wa Mi huulalia ubao
ukikoroma kama nzi ndani ya chupa.

Pakiti tatu mezani.
Za kwanza chuma kitupu, zang'aa,
hujibu kabla upinde haujamaliza kuuliza.
Za pili zina moyo wa nailoni, sauti ya asali,
ila muziki ukishika kasi
huchelewa mlangoni zikifuta viatu.
Za tatu utumbo wa kondoo,
zile alizozipenda mwalimu wangu Jarmila:
bei yake kodi ya nyumba ya miezi miwili,
na mvua ikinyesha tu zinasahau majina yao.

Mchagua jembe si mkulima.
Sawa. Lakini aliyeyasema hayo
hakukaa kiti cha nyuma kabisa
akiishikilia Mi ya chini vipimo kumi na vinane
huku filimbi zikipigiwa makofi.

Nikachukua chuma, kile chembamba.
"Na kimo?" akauliza, rula mkononi.
Hapo ndipo nilipotazama dirishani.
Jarmila alitaka penseli ipite chini ya uzi
bila kuugusa. Nyuzi za chini, alisema, ni za wavivu.
Miaka thelathini na mitatu nimeipitisha penseli ile.
Siku hizi dole gumba huniamsha saa tisa usiku,
na mkebe wa matango ya siki
naufungulia kwa jirani.

"Shusha," nikasema. "Nusu milimita."

Hakuuliza kwa nini.
Akavizungusha vigurudumu vya daraja,
kushoto kidogo, kulia kidogo,
kwa adabu ya mtu afungaye mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.
Kisha nyuzi: akatoa mmoja, akavalisha mmoja,
ndipo akagusa wa pili.
Kwa sababu mle ndani mna kijiti,
sisi huku twakiita roho,
hakikugundishwa popote;
kimesimama kwa kubanwa tu.
Ukizilegeza zote kwa mara moja, roho huanguka,
nawe utaisikia ikibingirika gizani.

Akaingiza chuma kilichopinda kupitia tundu la ubavuni,
akaisogeza unene wa ukucha.
"Piga."

Nikapiga. Sakafu ikaitika kabla yangu.
Nikapanda polepole, Re, Mi, Fa,
na pale karibu na La
mbwamwitu wetu wa zamani akanguruma,
ile noti inayotetemeka hata umshike vipi.
"Huyu nimzime? Ninayo risasi ndogo ya shaba,
nitaifunga nyuma ya daraja."
"Mwache," nikasema. "Tumezoeana."

Nyuzi kuukuu akazikunja duara.
Mmoja akaubakiza: wa kukatia jibini, alisema,
wala hakuwa akitania.

Jioni, mazoezini, Otakar wa kiti cha pembeni
aliutazama mkono wangu wa kushoto kupita kiasi.
"Umefanya nini?"
"Nyuzi mpya."
Nusu ya ukweli.
Nusu nyingine ni ya milimita.