Kitanda Nyuma ya Usukani

Miaka kumi na tisa nimelala nyuma ya mgongo wa Jinbao,
kwenye kitanda chenye upana wa mlango,
kutoka machimbo ya Datong hadi bandari ya Tangshan,
tani thelathini na moja za makaa ya mawe zikinifuata kama deni.
Kulala kwangu ni kazi. Yeye akichoka, nashika mimi usukani;
lazima mmoja wetu awe amelala kwelikweli.

Injini ya kwanza ilikuwa ya dizeli, silinda sita.
Niliijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.
Penye mlima ilihema, penye mteremko ilikoroma,
nami nikakoroma nayo.
Siku sindano ya tatu ya mafuta ilipoziba
niliamka kabla ya taa nyekundu, nikamwambia: Simama.
Fundi Bai alifungua, akanitazama, akacheka:
"Shemeji, kompyuta ya nini, na masikio yako yapo?"

Kisha ikaja gesi.
Dizeli ilipanda bei, gesi ikashuka,
na uwanja wa kuuzia malori ukafurika bendera.
Wauzaji watatu walituvuta mikono kama jamaa wa marehemu,
na mmoja, kijana mwenye koti la kuazima, alighani:

"Ya jirani hunywa sana, yangu huramba kijiko,
Vipuri vyake hakuna, vyangu vipo kila soko,
Mkopo tutapatana, lete jina na mfuko,
Weka saini tu, bwana, barabara iwe yako."

Bwana akaweka saini. Aliyeulizwa kuhusu mfuko ni mimi.

Injini ya gesi ilikuwa na sauti ya mtu mpole anayeficha jambo.
Ilinichukua miezi miwili kulala nayo.
Mwaka wa kwanza ilitulisha; tukamnunulia binti miwani.
Mwaka wa pili kila lori njiani lilikuwa la gesi,
na wenye mizigo si wajinga, nao wanajua kuhesabu:
nauli ya tani ikakatwa yuani nane,
na ile nafuu tuliyoikimbilia
tukaikuta imeshashuka kituo cha nyuma.

Fugui, mdogo wake Jinbao, aling'ang'ania dizeli yake.
Akabeba kwa bei ya hasara ili lori lisilale.
Sisi tukabeba chini ya bei yake ili letu lisilale.
Mwaka Mpya ule ndugu wawili walikula meza moja
wakiulizana habari za hali ya hewa.

Machipuko haya tumechukua la umeme.
Halina injini. Nilifungua mwenyewe nihakikishe.
Betri ikiisha tunaingia kwenye banda,
mkono wa chuma unainyanyua, unaweka nyingine,
dakika tano, kama mtu anayegeuza godoro.
Jinbao aliligusa usukani kwa vidole viwili, mzee wa miaka hamsini,
akasema, "Sikiliza!"
Nikasikiliza.
Ndipo shida ilipoanza.

Sasa silali.
Nasikia matairi, kila tairi na lake.
Nasikia goti lake linavyolia akikanyaga breki.
Na namsikia yeye. Kumbe huongea peke yake!
Sijui ni tangu lini; miaka yote hiyo
silinda sita zilimfunika kama blanketi.
Anahesabu: elfu tisa, elfu tisa, bado miezi thelathini na minne.
Anamtukana Fugui, polepole, bila hasira.
Kisha, kabla ya kituo cha ushuru, anamwomba radhi,
kwa jina lake la utotoni, ambalo hata mama yao ameliacha.

Jana usiku nilijigeuza, kitanda kikalia,
naye akanyamaza papo hapo, kama redio iliyozimwa.
Kilomita nzima, kimya.
Nikafumba macho, nikavuta pumzi hadi tumboni,
nikaanza kukoroma, kwa nguvu, kwa mfululizo,
kama dizeli penye mteremko,
hadi nikamsikia tena, chinichini:
elfu tisa. Elfu tisa.