Gurudumu Halina Haya

Mvua ya Mei imeshuka Port Reitz tangu alfajiri,
ile isiyopiga hodi.
Njia ya ndege imelala chali, inang'aa
kama sinia iliyooshwa ikasahauliwa kufutwa.

Enzi zake, baba alitoka na gari la manjano,
akashuka katikati, akachovya rula,
akakanyaga kwa kisigino,
kisha redioni: maji, milimita tatu, nadhani.
Hiyo nadhani ndiyo iliyomtia mvi.

Mimi sichovyi kitu.
Nakaa chumba cha chini ya mnara,
chai ya tangawizi inapoa kando ya skrini,
nangoja ndege itue inisimulie.

Ya Nairobi imegusa. Tarakimu zinamiminika:
mwendo, upepo wa ubavuni,
nguvu ya breki aliyoiomba rubani,
nguvu ya breki aliyopewa.
Baina ya kuomba na kupewa
ndipo palipo kazi yangu.

Redioni ana sauti ya mtu aliyekwisha kunywa maji:
"Breki nzuri, Mombasa. Nzuri tu."
Labda. Labda injini zilimvuta nyuma asijue.
Labda ni soni, miaka ishirini na sita angani,
na abiria wamempigia makofi.

Lakini gurudumu halina haya.
La kushoto linasema: nilishika, nikaachia,
nikashika, nikaachia,
mara kumi na moja, kupita makutano ya pili,
pale mpira wa matairi ya miaka
umeganda ukawa utando.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka.
Hawakuwa na tani sitini mgongoni,
wala mikoko mbele yao.

Nyuma yake kuna nyingine, dakika tisa,
imejaa watu wa harusi ya Kisauni.

Nampigia Kadzo juu mnarani:
theluthi ya kati, hafifu.
"Rubani kasema nzuri."
"Nimemsikia."
Kalamu yake inagonga meza, mara mbili.
Kisha sauti yake inapanda, shwari,
inawaambia wazunguke.

Walizunguka dakika arobaini juu ya Kilifi.
Wakanung'unika. Wakatua.
Bibi harusi, nasikia, alichelewa kupakwa hina.

Usiku baba kwenye simu:
leo maji yalikuwa kiasi gani?
Sikuyaona, baba.
Basi ulijuaje?
Nilimuuliza aliyeteleza.