Mgeni Ndani ya Tumbaku

Baba, leo nimevaa glavu
kulishika jani ulilolishika kwa mikono mitupu
miaka arobaini, mpaka utomvu wake
ukagoma kutoka kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu.
Ulipokata mkate, mkate ulikuwa mchungu.
Tuliula hivyo hivyo.

Hapa Plovdiv hatuamki saa tisa za usiku
kuchuma kabla umande haujakauka,
kama kule Rodopi, mimi na kaka Raif
tukisinzia juu ya matuta, taa kwenye paji la uso,
sindano ndefu ikitunga jani kwa jani uzini.
Humu mna vioo, feni, daftari.
Mna bakteria tuliyemtuma kama tarishi
apenyeze barua ndani ya jani:
jifunze uchungu wa pakanga.

Maana pakanga ni mchoyo.
Ulivune shamba zima, ulikaushe, uliloweke,
upate dawa ya kujaza kijiko.
Bei ikipanda wakulima wanaipanda, ikishuka wanaing'oa,
na homa haisomi habari za soko.

Tukatafuta mwenyeji mwingine.
Tulijaribu chikori, ikanyauka.
Tulijaribu nyanya, ikatoa majani ya manjano
kama macho ya mgonjwa.
Dokta Velichkova akasema bila kuinua kichwa:
"Leteni tumbaku. Huyo hakatai mgeni."

Nilicheka.
Halafu nikatoka nje, nikasimama kwenye theluji.

Tumbaku! Iliyokukohoza damu
kwenye leso ya bibi Zumbul,
yeye aliyezika wadogo zake wawili
kwa homa ya mabwawa ya Maritsa, kabla hayajakaushwa,
na leso ile ile akaifunga kichwani.

Leo mashine imechora kilele,
chembamba kama unywele wa mtoto,
pale pale kilipotakiwa.
Velichkova akatuonya tusishangilie:
kiasi hicho hakimponyi hata panya.
Kweli.
Wahenga walisema dawa ya moto ni moto;
hawakusema ni moto kiasi gani,
wala nani ataungua wakati wa kupima.

Nimefuta meza. Nimezima feni.
Kisha, kinyume cha kanuni zote ukutani,
nimevua glavu, nimesugua jani moja kwa kidole
na kukilamba.

Uchungu wa mkate wako, Baba.
Au mwingine.
Ulimi wangu haukuthubutu kuapa.