Jozi Kumi na Mbili

Mwalimu alitumia utepe wa nywele za Milojka mwenyewe
kuufunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa dawati.
Idrija, Novemba, theluji imeziba nusu ya dirisha.
"Andika." Akaandika.
Herufi zilitoka zimelewa, zikiegemeana.

Kwa lugha yangu mimi mpangaji wake
huo mwingine ni mkono wa kulia, yaani wa kula.
Mwaka ule ulishika maana ya pili.

Nyumbani bibi hakuuliza mkono upi.
Alimpa mto mgumu uliojazwa mabua,
pini, uzi mweupe, jozi kumi na mbili za vijiti,
na amri mbili tu:
vusha, cha kushoto juu ya cha kulia;
sokota, cha kulia juu ya cha kushoto.
Hakuna kijiti kilichobaki upande wake.
Vilipiga soga hadi taa ikazimwa,
na lesi ikashuka taratibu,
haina shoto, haina kuume.

Cveto, mumewe, alishuka mgodini miaka ishirini na sita.
Zebaki ilimpanda mishipani.
Mikono yake ikawa haisikilizani,
supu ikaisha njiani kabla ya mdomo.
Milojka akamlisha kwa kushoto,
naye Cveto, kidevu kimelowa:
"Leo umemkomoa mwalimu."

Sasa ana miaka sabini na tisa. Huko Ljubljana
daktari kijana alimpa kalamu mbili:
mduara kwa mkono huu, mstari kwa ule, kwa pamoja.
Mstari ukavimba. Mduara ukawa yai.
"Hata mimi," kijana akasema. "Mikono huibiana."
Akamwonyesha picha ya ubongo:
upande wa kulia huuamuru mkono wa kushoto,
wa kushoto huuamuru wa kulia,
njia zao hupishana chini ya kisogo,
na katikati, toka nusu hadi nusu,
daraja la nyuzi, milioni mia mbili hivi.

Milojka akavaa miwani.
Akatazama kwa muda mrefu, kama mtu akaguaye kazi ya jirani.
"Na pini," akauliza, "ziko wapi?"

Fomu ya hospitali bado iko mezani.
*Unatumia mkono gani? Chagua mmoja.*
Hajaijaza. Jana niliikuta imegeuzwa,
nyuma yake kachora kielelezo kipya, kila tundu mahali pake.
Kwa mkono gani, sijui.
Nilikuwepo, lakini nilikuwa nikihesabu vijiti.